Kijana akikataa kusaini, hasara ni ya nani?

Klabu ya besiboli ya Marekani ikimchagua kijana katika duru ya kwanza au ya pili ya drafti, yaani zoezi la klabu kuchagua vijana kwa zamu, kisha wakashindwana kwenye dau na kijana akaamua kwenda chuo, klabu hiyo haibaki mikono mitupu. Mwaka unaofuata inarudishiwa zamu, moja nyuma ya ile iliyoipoteza. Aliyepoteza zamu ya 9 atachagua wa 10. Aliyepoteza ya 28 atachagua wa 29. Kwa duru ya tatu, fidia ni zamu ya nyongeza baada ya duru hiyo kumalizika. Kanuni yenyewe ni fupi kiasi hicho, na ndiyo iliyoigawa ligi yetu ya mtandaoni tangu msimu uliopita. Naandika kwa kirefu kwa sababu pande zote mbili za ugomvi huu zinadai haki ya klabu, na hakuna anayemtaja kijana.

Ligi yetu inachezwa kwenye Out of the Park Baseball, mchezo wa kompyuta ulioanzishwa na Mjerumani Markus Heinsohn na kutoka kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Humo hurushi mpira wala hupigi. Wewe ni meneja mkuu: unasajili, unauza, unapanga kikosi, unatuma faili lako kwa kamishna, naye anaendesha mechi za siku kadhaa kwa mkupuo na kuturudishia matokeo. Baadhi yetu tuko Dar, wengine Mombasa, wengine Minnesota na Texas, na kundi letu la kuandikiana linachemka wakati wa drafti kama mitaa inavyochemka wakati wa usajili wa Simba na Yanga.

Ila drafti si usajili tuliouzoea. Kwetu mwenye fedha ndiye anayechukua mchezaji. Kwenye besiboli ya Marekani, tangu Juni 1965, klabu huchagua vijana kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia. Tangu 2023 zamu sita za mwanzo zinaamuliwa kwa bahati nasibu, lakini msingi haujabadilika: ukishachaguliwa, hakuna klabu nyingine inayoruhusiwa kukupa mkataba kwa mwaka huo. Unasaini na aliyekuchagua, au unarudi masomoni kusubiri drafti nyingine. Huna klabu ya pili ya kuipandishia dau. Silaha pekee uliyonayo mezani ni kusema hapana.

Kwa hiyo kanuni ya fidia ndiyo inayopanga hiyo hapana itaiuma klabu kiasi gani. Fidia ikiwa ndogo, klabu inaogopa kukupoteza na kijana anapata nguvu. Fidia ikiwa kubwa, klabu inaweza kukuacha uondoke bila presha. Mabishano yote ya ligi yetu yanatoka hapo, hata kama waliomo ndani yake hawalisemi hivyo.

Msimu uliopita mmoja wetu alikuwa na zamu ya 4. Kundi la vijana wa mwaka ule lilikuwa hafifu, na kwa kuwa ligi yetu ina timu za sekondari na vyuo ndani ya mchezo, kila meneja aliweza kuona kwamba kundi la mwaka unaofuata lingekuwa la neema. Ukifungua ukurasa wa drafti unakutana na safu ya majina, kila jina na umri wake, shule yake, alama za kipaji kwenye kipimo cha 20 hadi 80, na pembeni kuna madai yake: huyu anataka bei elekezi tu, yaani ile iliyopangiwa zamu yake, yule anataka milioni tatu, mwingine amepania chuo na kumng'oa ni kazi ya kukata tamaa. Mwenzetu akateremka hadi kwa hao wa mwisho. Akamchagua mrushaji wa miaka 18 ambaye kila mtu alijua hatasaini, hakumtumia ofa yoyote, muda ukaisha, na mwaka uliofuata akawa na zamu ya 5 juu ya zamu yake mwenyewe ya 3.

"Mkuu, huyu dogo hukumtumia hata ofa moja," nikaandika kwenye kundi.

"Kaka, nionyeshe kanuni inayonilazimisha nimtumie."

Kamishna wetu, ambaye kwa umri na kwa heshima tunamwita Mzee, akaingilia kati: "Wanangu, kanuni hiyo haipo. Leteni mapendekezo, tutapiga kura kabla ya drafti ijayo."

Kisheria alikuwa sawa, na mwenzetu naye alikuwa sawa. Kanuni zetu ziliandikwa na watu walioichukua sentensi moja ya kanuni ya Marekani wakaacha nyingine zote zinazoizunguka. Na hizo nyingine zina historia ambayo mtu akiijua, hawezi tena kuona fidia kama hesabu ya zamu tu.

Kabla ya mkataba wa pamoja wa wamiliki na chama cha wachezaji ulioanza kutumika 2007, aliyempoteza kijana wa duru ya kwanza alipewa zamu katikati ya duru ya kwanza na ya pili. Haikujalisha umepoteza mtu wa juu kiasi gani. Mwaka 1997 Philadelphia Phillies walimchagua J.D. Drew wa chuo cha Florida State kwa zamu ya 2. Wakala wake, Scott Boras, alitaka dola milioni 10. Phillies hawakufika hata karibu na hapo. Drew akaenda kucheza St. Paul Saints, timu ya ligi ya kujitegemea isiyo chini ya MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na mwaka 1998 St. Louis Cardinals wakamchagua kwa zamu ya 5. Phillies walirudishiwa zamu ya 42, wakamchukua Eric Valent. Kutoka 2 hadi 42. Hasira ya mji ule haikuisha upesi: Agosti 1999, Drew alipokwenda kucheza Philadelphia, kuna washabiki waliomrushia betri uwanjani.

Wamiliki wakadai kwamba mawakala wanaziteka klabu, na mkataba wa 2007 ukaleta hii zamu moja nyuma. Mwaka 2012 ikaja nusu ya pili ya mfumo. Kila zamu katika duru 10 za mwanzo ikapewa bei elekezi, na jumla ya bei hizo ndiyo mfuko wa usajili wa klabu kwa mwaka huo. Ukiuzidi mfuko unatozwa kodi. Ukiuzidi kwa zaidi ya asilimia 5, unapoteza na zamu ya duru ya kwanza ya mwaka unaofuata. Na kijana wa duru hizo asiposaini, bei elekezi yake inaondolewa kwenye mfuko, huwezi kuihamishia kwa mwingine. Sehemu hii ya mwisho ndiyo yenye meno, na waliong'atwa nayo zaidi ni vijana wawili wa 2014.

Juni mwaka huo Houston Astros walikuwa na zamu ya kwanza kabisa. Wakamchagua Brady Aiken, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka shule ya Cathedral Catholic ya San Diego. Bei elekezi ya zamu ile ilikuwa dola 7,922,100. Wakakubaliana dola milioni 6.5, kijana akiridhika na klabu ikibakiwa na zaidi ya milioni 1.4 ya kuongezea wengine. Sehemu kubwa ya akiba hiyo ilishapata mwenyewe: Jacob Nix, mrushaji wa mkono wa kulia wa duru ya tano. Bei elekezi yake ilikuwa dola 370,500, naye alikubaliana na klabu kwa dola milioni 1.5. Wote wawili walikuwa wameahidi kwenda chuo kikuu cha UCLA kama mambo yasingekamilika.

Aiken akaenda Houston kupimwa afya. Madaktari wa klabu hawakuridhika na kano ya kiwiko cha mkono wake wa kurushia. Ofa ikashuka hadi dola milioni 3.1 na kidogo. Namba ile haikuokotwa njiani. Ni asilimia 40 ya bei elekezi, na asilimia 40 ndicho kilikuwa kiwango cha chini ambacho klabu ililazimika kukitoa ili isipoteze haki ya fidia. Ukiisoma ofa ile unaiona drafti ya 2015 ndani yake. Siku ya mwisho, Julai 18, Astros walipandisha hadi milioni 5. Aiken hakusaini. Kabla yake ni vijana wawili tu waliowahi kuchaguliwa wa kwanza kabisa wasisaini: Danny Goodwin mwaka 1971 na Tim Belcher mwaka 1983.

Muda ulipoisha, zile dola 7,922,100 zikatoka kwenye mfuko. Kumlipa Nix milioni 1.5 sasa kungewavusha Astros kwenye mpaka wa adhabu na kuwagharimu zamu za duru ya kwanza. Wakamwacha. Nix hakuwa na tatizo la kiwiko. Alikuwa amekubaliana nao bei. Ofa yake ilikufa kwa sababu ya kano ya mtu mwingine na hesabu ya mfuko ambao hakuwa na sauti nao. Malalamiko yake yakamalizika kwa maelewano na klabu baadaye mwaka huo, lakini mkataba wenyewe haukurudi.

Astros walipata fidia yao. Zamu ya 2 ya mwaka 2015 wakamchukua Alex Bregman wa Louisiana State. Katika fainali za 2017 alipiga mpira uliomaliza mchezo wa tano kwa 13 kwa 12 katika kipindi cha kumi cha mchezo, na mwaka 2022 akatwaa ubingwa tena. Ubingwa wa 2017 una doa la wizi wa ishara za siri za wapinzani na sitalifuta hapa, lakini kwa kipimo cha drafti pekee, hakuna zamu ya fidia ninayoijua iliyozaa zaidi ya hiyo.

Aiken na Nix hawakwenda UCLA. Walijiunga na shule ya michezo ya IMG Academy ya Florida kusubiri drafti ya mwaka uliofuata. Machi 2015 kiwiko cha Aiken kikafanyiwa upasuaji. Cleveland wakamchagua hata hivyo, zamu ya 17, kwa takriban dola milioni 2.5, na hakuwahi kucheza ligi kuu. Madaktari wa Houston walikuwa wameona kitu cha kweli, hilo nalikubali, na klabu inayoogopa kumpa mtu mamilioni juu ya kiwiko kibovu siwezi kuilaumu kwa hofu yake. Nix alichaguliwa na San Diego Padres duru ya tatu, akasaini kwa dola 900,000, na Agosti 2018 akarusha mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu. Toa 900,000 kwenye milioni 1.5. Dola laki sita, kwa kijana mzima aliyetimiza kila alichotakiwa kutimiza.

Kuna mlipaji mwingine ambaye watu humsahau, na huyu ndiye hasa niliyetaka wenzangu wa ligi wamwone. Zamu ya fidia haitoki hewani. Inachomekwa kwenye foleni, na wote walio nyuma yake wanasogea. Mwaka 2014 Arizona Diamondbacks ndio walioburura mkia, wakifuatiwa na Colorado Rockies. Arizona wakachagua wa kwanza, wakamchukua Dansby Swanson. Rockies walistahili wa pili, lakini Houston walikuwa wamechomekwa pale, hivyo wakasogezwa hadi wa 3. Bei elekezi ya zamu ya 2 mwaka 2015 ilikuwa dola 7,420,100. Ya 3 ilikuwa dola 6,223,300. Karibu milioni 1.2 iliondoka kwenye mfuko wa klabu ambayo haikuwa na habari na kiwiko cha mtu yeyote. Houston, kwa upande wao, walimsainisha Bregman kwa milioni 5.9, na nafuu kama hiyo ndiyo iliyowawezesha kumpa Daz Cameron milioni 4 kwa zamu ya 37. Walikuwa pia na zamu yao halali ya 5, wakamchukua Kyle Tucker.

Kwenye mchezo wetu jedwali linajipanga lenyewe, ndiyo maana jambo hili halionekani. Mwenzetu alipopewa zamu ya 5, aliyekuwa wa tano akawa wa sita bila mtu kumwambia. Nilipomwonyesha, alisema alidhani ameteremka kwa sababu ya matokeo ya uwanjani.

Sasa niseme jambo la kuitetea kanuni, maana kuna wanaotaka tuifute kabisa. Bila fidia, zamu ya juu inageuka mtego. Kijana mwenye kipaji kikubwa na madai makubwa anaogopwa na klabu dhaifu, anateremka foleni hadi kwa klabu tajiri iliyo mwishoni, na drafti inapoteza sababu ya kuwepo. Mwaka 2011 Toronto Blue Jays walithubutu kumchagua Tyler Beede kwa zamu ya 21 ingawa alikuwa amepania chuo cha Vanderbilt. Alikwenda Vanderbilt kweli, na mwaka 2014 San Francisco Giants wakamchagua wa 14. Toronto mwaka 2012 walitumia zamu ya 22 kumchukua Marcus Stroman wa Duke. Hapo hakuna aliyeumia sana, na ujasiri wa kumchagua kijana mgumu ulilindwa. Ndicho hasa kanuni ilichokusudiwa kulinda.

Hata New York Yankees mwaka 2008 walimchagua Gerrit Cole kwa zamu ya 28, akawakatalia na kwenda UCLA. Fidia yao ya 29 ilikuwa Slade Heathcott, aliyecheza michezo 17 tu ya ligi kuu akiwa na Yankees, yote mwaka 2015. Cole alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2011 na Pittsburgh, na Desemba 2019 Yankees wakampata hatimaye kwa dola milioni 324. Kijana aliyekuwa na nyumba iliyoweza kumsubiri alifaidika kwa kusubiri. Si kila kijana anayo nyumba ya namna hiyo.

Waandishi wa kanuni za MLB waliona mapema kwamba mtu mjanja angeweza kuibeba zamu yake mwaka hadi mwaka, akiteremka hatua moja kila mara huku akingoja kundi zuri. Wakaziba: zamu ya fidia hailindwi tena. Ukimchagua mtu kwa zamu hiyo naye akakataa, umekwisha. Athari yake unaiona kwenye majina. Mwaka 2008 Washington Nationals walimpoteza Aaron Crow wa zamu ya 9. Mwaka 2009, baada ya kumchagua Stephen Strasburg wa kwanza, walitumia zamu ya 10 kwa Drew Storen wa Stanford, ambaye walijua atasaini upesi, na Mei 2010 alikuwa tayari ligi kuu. Bregman, Stroman na Storen wote walitoka vyuoni, na wa chuo ana mahali pachache pa kukimbilia akikataa. Kuna waliothubutu kinyume. Mwaka 2011 Arizona walikuwa na zamu ya fidia ya 7, wakamchukua Archie Bradley, mwanafunzi wa sekondari aliyeahidiwa nafasi ya mpira wa Kimarekani katika chuo cha Oklahoma, na ilibidi watoe dola milioni 5 kumtoa huko. Namna hiyo naipenda: umepewa nafasi ya pili, ukaamua kuilipia.

Zamu hiyo ya 7 inanipa pia hoja yangu kubwa. Arizona waliipata kwa kumkosa Barret Loux, mrushaji wa Texas A&M waliyemchagua wa 6 mwaka 2010. Baada ya vipimo waliogopa mkono wake na hawakumsainisha. MLB ikampa Loux uhuru wa kusaini na klabu yoyote anayoitaka, akaenda Texas Rangers. Klabu ilipata fidia yake, na kijana naye akapata kitu. Mara ngapi umesikia habari za fidia ya klabu na fidia ya mchezaji zikitajwa katika sentensi moja? Mimi najua kisa hicho.

Mwaka 2021 mambo yalikwenda vingine. New York Mets walimchagua Kumar Rocker wa Vanderbilt kwa zamu ya 10 na kukubaliana dola milioni 6, juu ya bei elekezi. Vipimo vikaja, Mets hawakumpa ofa yoyote. Rocker hakuwa ameshiriki vipimo vya MRI kabla ya drafti, hivyo klabu haikuwa na wajibu wa kiwango cha chini. Mets wakapata zamu ya 11 mwaka 2022, wakamchukua Kevin Parada. Rocker alikwenda ligi ya kujitegemea, Rangers wakamchagua wa 3 mwaka huohuo wa 2022 kwa dola milioni 5.2, na Septemba 2024 alifika ligi kuu. Alisimama kwa miguu yake mwenyewe. Kanuni haikumshika mkono. Katika mkataba wa 2022 ikawekwa kwamba anayekubali kupimwa kabla ya drafti lazima apewe ofa isiyopungua asilimia 75 ya bei elekezi. Ilichukua kesi kama hizi kufika hapo.

(Jirani yangu wa ligi aliyeko Kampala aliniuliza kama vijana wa Uganda waliosajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022 wanaguswa na haya. Hawaguswi. Drafti ni ya Marekani, Kanada na Puerto Rico. Wa nchi nyingine husajiliwa moja kwa moja, na huko hakuna zamu ya kupoteza wala ya kurudishiwa.)

Nirudi kwetu. Nimempelekea Mzee pendekezo, na nalitetea hapa hadharani. Tuibakize zamu moja nyuma. Tuiandike wazi kwamba fidia hailindwi mara ya pili, ili mwenzetu asiweze kuibeba zamu ile ya 5 hadi ya 6 na ya 6 hadi ya 7. Na tuidai ofa ya dhati: asiyempa kijana mzima angalau asilimia 75 ya bei elekezi, ofa ikiwemo kwenye faili ambalo kamishna analiona, asipewe chochote. Kwa kijana aliyeumia kati ya drafti na siku ya mwisho, asilimia 40 inatosha. Kuna aliyenijibu kwamba mchezo utazidi kuwa mgumu kwa klabu maskini. Klabu maskini ndiyo inayosukumwa nyuma kila mara fidia ya hila inapochomekwa mbele yake. Aihesabu hiyo kwanza.

Lililoleta kelele zaidi ni pendekezo langu kwamba kijana ambaye hakupewa ofa ya dhati awe huru, kama Loux, asajiliwe na yeyote kati yetu anayemtaka. "Ni namba tu kwenye kompyuta, kaka," mmoja aliniandikia. Najua ni namba. Lakini tunacheza mchezo huu kwa sababu namba zake zimefungwa kwenye maamuzi ambayo watu halisi waliyafanya, na ligi inayomtumia kijana kama pahali pa kuhifadhia zamu imekata uzi huo. Tena hata kwa faida ya ushindani tu, mrushaji yule wa miaka 18 angeweza kuwa na klabu leo. Yupo chuoni ndani ya faili letu, na kutokana na hila ile kuna timu mbili zilizomhitaji ambazo hazikupata hata nafasi ya kuzungumza naye.

Na kwa ajili ya Nix nimeongeza kifungu kidogo: aliyekwisha kubaliana na klabu, na makubaliano yakaandikwa kwenye faili kabla ya siku ya mwisho, asiguswe na mfuko kupungua kwa sababu ya mwenzake. Klabu imlipe kwa hesabu ya mfuko uliokuwepo siku ya makubaliano. Hili halimo hata kwenye kanuni za MLB, na naamini lingepaswa kuwemo.

Limebaki suala la kuuziana. MLB hairuhusu klabu kuuziana zamu za kawaida za drafti. Sisi tunaruhusu, na bado hatujaamua kama zamu ya fidia inaweza kuuzwa kabla haijathibitishwa. Wapo wanaotaka iuzike tangu siku ya drafti, kwa kuwa ni mali kama mali nyingine. Mimi nitapiga kura ya hapana, kwa sababu meneja aliyekwisha kuiuza fidia ya mwakani mwezi Juni hana tena sababu yoyote ya kumpigia simu kijana mwezi Julai. Iuzwe baada ya muda wa kusaini kwisha na Mzee kuthibitisha kwamba ofa ilitumwa.